Maneno Ambayo Hayakuandikwa

Mwaka ule nilishona nguo za filamu. Vijana wachache wa mjini walikuwa wameazimwa nyumba huko Kiriri, mtaa wa mlimani juu ya mji, yenye mapazia meupe na baraza iliyotazama ziwa. Milima ya Kongo ilielea ng'ambo kama moshi. Hadithi yao ilimhusu mume aliyemgonga mtu kwa gari akakimbia, na mke wake anayejua. Mke achague: amtaje, au aendelee kumpakulia chakula.

Siku ya kuanza, mwigizaji wa kike akaugua. Gauni lilinienea, basi mwongozaji akaniomba nivae mimi. Nilimpigia mume wangu, fundi wa magari, kumwomba ruhusa. Alisema sawa, hakuuliza lolote. Ndivyo tulivyokuwa tangu mimba yangu ilipoharibika: tuliongea habari za chumvi na funguo tu.

Niliketi mezani mbele ya mwanamume nisiyemjua, aliyeigiza mume. Taa zilikuwa na joto, pazia likipumua taratibu, na kila kitu kikawa mbali, kama ninakiona kutoka chini ya maji. Maneno niliyokariri yakanipotea. Nilimtazama anavyokula kimya, nikasema, "Unakula, unalala, unaenda. Miaka ine hauniulize kama mi niko muzima."

Yule mwanamume akaweka mkate chini. Mwongozaji akasema tuyaache hivyo hivyo.

Filamu ilioneshwa Jumapili alasiri, ukumbini, madirisha yamefungwa. Mume wangu alikaa kando yangu, ameoga lakini bado ananukia oili. Maneno yangu yalipotoka, wanawake nyuma yetu waliguna. Yeye hakutikisika. Mwishoni nilimwona yule mke, mwenye sura yangu, akiingia kituo cha polisi kumtaja mumewe, nikamwonea wivu kwa wepesi wake.

Tulitembea kurudi nyumbani, jua likiwa la rangi ya asali. Njiani mume wangu aliniuliza, "Ile maneno ya kwenye meza, walikuandikia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Filamu nzima ingenifunika, na asingeumia mtu.

"Apana," nikasema. "Ilikuwa yangu. Nilikuwa nakuambia we."

Akasimama. "Mi niliogopa kukuuliza. Nilizani utalia, na mi sitajua nifanye nini."

Nililia kweli, palepale barabarani, na kweli hakujua afanye nini. Alishika mkoba wangu kwa mikono miwili mpaka nilipomaliza. Nyumbani akaniuliza juu ya siku ile ya hospitali, nikamweleza yote, hadi adhana ya magharibi. Akaniambia kwamba yeye alikuwa amekwisha kumchagulia mtoto jina. Sikuwa nalijua.

Hajageuka msemaji. Zipo wiki tunarudi kwenye chumvi na funguo. Lakini mchana hunipigia kutoka gereji, nyundo zikigonga nyuma yake, ananiuliza kama niko mzima, kisha anangoja nimjibu.