Kila Kichwa na Kitana Chake

Nyuma ya nyumba yetu hapa Kivinje kuna kibanda cha makuti, na kila Alhamisi baada ya alasiri wanawake wa mtaani na binti zao hukusanyika hapo kusukana kwa ajili ya Ijumaa. Wa kwanza hukalia mbuzi ya kukunia nazi, wa pili hukaa mkekani katikati ya magoti yake, wa tatu mbele ya wa pili, na kila mmoja anamsuka aliye mbele yake. Kitana kilikuwa kimoja tu, kikipanda na kushuka safu nzima pamoja na habari za mji. Mimi nikisukwa husinzia, na paja la mwenzangu ndio mto wangu.

Binti wa kaka yangu aliletwa kwetu kutoka Kiranjeranje aanze darasa la pili. Alikuja amenyolewa kipara, ana macho makubwa na jibu moja. Umekula? Ndiyo, shangazi. Umelala vizuri? Ndiyo, shangazi. Unaumwa? Ndiyo, shangazi, na haumwi. Mume wangu akasema tumeletewa mkwe, si mtoto. Nilimwonea huruma miezi mizima, nikambembeleza kwa vitumbua na kwa hadithi, wapi.

Kilichomfungua kinywa ni ile safu. Nywele zake zilipofika za kushikika, jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke wa vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, alimvuta mkono, akamkalisha magotini na kumsuka mtindo wa twende kilioni. Alimtania kwamba kichwa chake kitamu kusuka kuliko cha shangazi yake. Mtoto akacheka kwa sauti. Kumbe alikuwa na pengo la mbele! Lile pengo lilinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyetandika mkeka, hata kabla adhana haijalia.

Kisha akaanza kujikuna. Alhamisi moja jirani alikuwa amefika nusu ya kichwa, akampasua nywele, mkono ukasimama.

“Yarabi! Chawa!” Akainuka akikung'uta kanga yake. “Jirani, mtoto umemtoa shamba bila kumkagua? Katuletea chawa wa Kiranjeranje!”

Safu ilivunjika hapo hapo. Kila mama alimshika mtoto wake mkono akaondoka. Mtoto alibaki kichwa nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama. Hakulia. Aliukunja mkeka, akauegemeza ukutani mahali pake, akaniambia, “Shangazi, nirudishe nyumbani.”

Niliumia, halafu nikakasirika, na mimi nikikasirika hufua. Nilikuwa nimeinamia beseni la mashuka mume wangu aliporudi kutoka kwenye mikorosho yake Miteja. Alisikiliza kisa chote, akaingia stoo, akatoka na kopo la salfa.

“Hii inamaliza ukungu wa ubwiri kwenye mkorosho mzima,” alisema, “itashindwa na chawa?”

“Kwani huyu mkorosho?” nikamwuliza. “Ukiipuliza shambani unajifunga kitambaa puani, na bado unarudi macho mekundu. Leo unataka kumpaka mtoto utosini?”

Maskini, alitaka kusaidia tu. Anampenda yule mtoto, ila huruma yake ilikuwa haijui dawa nyingine. Alirudisha kopo stoo, akavua kofia yake, akajikuna. Nikamtazama. Naye akanitazama.

“Hebu kaa hapa,” nikamwambia. Nilimpekua nyuma ya sikio, na nikamkuta mmoja anatembea kwa raha zake.

Asubuhi tulikwenda zahanati wote watatu. Muuguzi alinikagua na mimi, akatabasamu, sikuhitaji kuuliza. Alitueleza kwamba chawa haruki wala hapai. Anatembea tu, kichwa kikigusana na kichwa, na mara nyingine hupanda kitana, kofia au ushungi wa kuazimana. Usafi haumzuii, nywele safi anazikalia vilevile. Na muwasho huchelewa, mtu anaweza kukaa naye wiki kadhaa kabla hajaanza kujikuna. Alitukataza salfa, akatukataza na mafuta ya taa, ambayo sisi hatukuyataja lakini nadhani anaujua mji wake.

Njiani nikawaza, mtoto huyu alikuja kwangu hana hata unywele mmoja. Huyo chawa wa Kiranjeranje alikuja amekalia wapi?

Sikupita kwangu kwanza. Nilikwenda mpaka mlango wa pili nikalisema hilo neno kama lilivyo. Jirani akamwita binti yake, akampasua nywele mlangoni, penye mwanga, akawakuta chawa, akakaa chini taratibu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tungejitibu sisi peke yetu, Alhamisi ifuatayo tungewapokea tena. Kwa hiyo nyumba zote za safu yetu zilijitibu siku moja, kwa dawa ya maji kutoka duka la dawa na kitana cha meno ya karibu karibu, tukichana fungu kwa fungu na kufuta kitana kwenye kitambaa cheupe. Foronya na shungi tulizifua kwa maji ya moto tukazianika juani. Baada ya wiki tulirudia, maana mayai yanayogandia shina la unywele huanguliwa baadaye. Na kila mtu akawa na kitana chake, kimefungwa uzi wa rangi yake.

Safu ikarudi, lakini mtoto hakurudi. Alikaa kizingitini mwa jiko akitutazama, na kila jioni aliniuliza nitampeleka lini kwao. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Sikutaka kumfunga mtu kwangu kwa nguvu, hata mtoto.

Alhamisi moja jirani alikuja, hakukaa mkekani. Alinipita, akaenda hadi kizingitini, akavua ushungi wake, akakaa chini kabisa, mgongo kwa mtoto.

“Nisuke, mwanangu,” alisema. “Mimi nilikosea.”

Mtoto alizitazama zile nywele, akaweka mikono nyuma.

“Mama, kitana chako kiko wapi?”

Jirani alikuwa amekuja mikono mitupu. Mtu mzima yule aliinuka, akaenda kwake, akarudi na kitana cha uzi mwekundu, akakaa tena palepale. Mtoto alimpasua nywele, akamkagua fungu kwa fungu, nyuma ya sikio hili na lile, hakuwa na haraka hata kidogo.

“Huna,” alisema mwishowe, akacheka. Pale penye pengo jino lilikuwa limeanza kuota.