Zamu ya Koko

Nyumba yangu ya Ibanda inaendeshwa kwa liste ya kazi, na nilikuwa najivunia jambo hilo. Imebandikwa kwenye mlango wa jikoni: nani anachota maji, nani anaosha vyombo, nani anafagia mbele ya nyumba. Chini yake, kwa bic nyekundu, niliandika: asiyefanya kazi, asile.

Mama wa bwana yangu akaja kutoka kijijini Miti kutusalimia, na kifuko cha maharagi kichwani. Kabla hajapumua, mtoto wangu wa mwisho akamsomea liste yote, kisha akamwambia bibi yake, "Koko, jina yako haiko. Utakula namna gani?"

Nilikuwa nasonga bugali. Nilipaswa kumnyamazisha palepale. Nilicheka.

"Basi uniandike," akasema mama mukwe. "Mimi nitafagia." Mtoto akaandika, nami nikadhani mchezo umeishia hapo.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya ufagio. Nikatoka mbio, kitenge cha kulalia kikiniponyoka. Mama mukwe alikuwa ameinama mbele ya lango langu, na majirani waliokuwa wakienda misa ya kwanza walimsalimia yeye kwa heshima, kisha wakanitazama mimi. Kwetu mama mukwe akija kutembea haoshi hata kikombe chake! Nikamnyang'anya ufagio, nikamwomba radhi, nikamfokea mtoto bure.

Mama mukwe aliingia jikoni, akasimama mbele ya ile liste, akamuuliza mjukuu wake kwa upole, "Soma tena. Sasa naweza kupewa chai?"