Aliyeomba Miche ya Kike

Mume wangu alianza kuotesha bangi baada ya kazi ya ghala kumharibia mgongo. Vidonge vilimchoma tumbo, na sheria ya Ohio inamruhusu mtu mzima kuwa na miche michache nyumbani, mradi aifungie mbali na watoto. Nyumba yetu, mtaani Linden, ina chumba chini ya ardhi. Akaweka humo taa, feni, ndoo za udongo na kufuli. Kanisani, alikokuwa akikusanya sadaka, hakusema kitu.

Mimi nimekulia shambani, milimani Kivu Kusini, kwa hiyo kazi ilinishukia mimi. Nilijifunza haraka. Mche ukishakua kidogo, unaangalia pale tawi linapotoka kwenye shina. Ukiona vifuko vya mviringo, kama punje za mtama, ni dume. Ukiona nywele mbili nyeupe, ni jike. Yanayotakiwa ni maua ya jike tu. Dume likiachwa lipasuke, unga wake hujaza maua yote mbegu, na kazi imekwenda bure. Baadaye unangoja nywele zigeuke kahawia, na vitone vya utomvu, vinavyotazamwa kwa lenzi, viache kuwa kama maji na viwe vyeupe kama uji mwepesi. Hapo ndipo unakata.

Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri, akapanda tena. Siku moja nilimkuta amepiga magoti mbele ya ndoo, lenzi mkononi, anaomba kwa sauti: "Mungu wangu, zote zikuwe za kike."

Huyu ndiye niliyemzalia mabinti wanne, naye hakumbeba hata mmoja siku alipozaliwa. Wa nne alipofika, mama mkwe wangu alipiga simu kutoka Louisville, akasema "Tena?" tu. Mbele ya wageni mume wangu alikuwa na mzaha wake: "Mimi niko nalisha tu babibi ba benyewe." Yaani wake za watu. Wageni walicheka, nami nikawaongezea chai.

Binti yetu mkubwa alikuwa ameketi kwenye ngazi, nje ya mlango, akasikia maombi yale. "Wait," akasema, "Papa anataka girls?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtoto hakucheka.

Kabla miche haijajionyesha, mume wangu akaitwa Louisville. Aliniambia ni maombi ya familia. Wifi yangu akanipigia kwa siri na kunipa ukweli: kaka zake walikuwa wanakutana huko, mtaani Highview, kumtafutia msichana wa kumzalia mvulana. Mimi, walisema, nimeshakomaa kupita kiasi.

Asubuhi ya safari alinipa ufunguo. "Bon, sikia, mama ya batoto. Ukiona tule tuboule, tule tufuko, ng'oa mbio. Dume moja inaharibisha zote. Ile ya nywele njo ya kike, usiiguse."

"Ndiyo, papa," nikasema.

Miche ilijionyesha mume wangu akiwa bado kwa mama yake. Minne jike, miwili dume. Niling'oa ya kike mmoja mmoja, na mizizi yake, nikaitupa kwenye mfuko wa taka pamoja na pampasi za mdogo. Ile ya dume niliimwagilia maji na kuigeuzia feni vizuri, nikaipiga picha. Nilifurahi, na bado ninafurahi. Kisha nikapakia watoto kwenye gari, tukaenda Buffalo kwa dada yangu, karibu na barabara ya Bailey.

Tulipofika nikamtumia picha na maneno haya: "Hongera, papa. Umepata bavulana."

Alipiga simu papo hapo. Tulikuwa tunakula, nikaiweka simu mezani, sauti juu, mabinti wote wakisikia.

"Zile za kike ziko wapi?" akauliza. "Nakuuliza, za kike ziko wapi?"

Nilingoja awaulizie watoto. Aliuliza tena kuhusu miche, kwa ukali. Binti mkubwa akanyoosha mkono wenye mchuzi, akakata simu, akaendelea kula.