Marehemu Alipokataa Rambirambi

Nimehudhuria misiba mingi, lakini ni mmoja tu ambao marehemu aliniita pembeni akanilalamikia kwamba supu haina chumvi.

Siwadanganyi. Alikuwa amekaa chini ya picha yake mwenyewe, ile kubwa yenye fremu nyeusi na maua meupe pembeni, anakunywa bia.

Ngoja nianze vizuri.

Naitwa Fusae. Nina baa ndogo hapa Yokosuka, Japani, juu kidogo ya geti la karakana ya meli za kivita. Watu wote huniita Mama, hata wale waliozaliwa kabla yangu. Kama kuna ndoa imevunjika mtaani huu, jua ilianza kupasukia kwenye kaunta yangu, mimi nafuta glasi huku sikio liko wazi.

Wateja wangu ni wazee wa karakana. Wengine walikuwa mabaharia wa chumba cha injini. Wengine, kama mume wangu Yasuji, walikuwa mafundi wa kuyavisha mabomba ya mvuke blanketi la asbesto. Walilikata kwa msumeno humohumo ndani ya meli, vumbi linaruka mpaka humwoni mwenzako. Wakati wa mapumziko walifinyanga mabonge yake wakarushiana kama watoto kwenye theluji. Wakisimulia, ungedhani walikuwa harusini.

Halafu wakaanza kukohoa.

Na hawa wazee wana dawa yao. Konyaku.

Kama huijui, ni kama jeli ngumu ya kijivu, inatengenezwa kwa kiazi, inatetemeka kwenye sahani kama mtu aliyeitwa polisi. Bibi zetu walisema inafagia mchanga tumboni. Wazee wa karakana wakajiongeza: ikiweza mchanga wa tumbo, itashindwaje na vumbi la mapafu? Inatokaje tumboni mpaka ifike mapafuni, hakuna aliyeuliza.

Yasuji alikula konyaku kila siku ya Mungu. Anakohoa mpaka macho yanataka kutoka, nikimwambia twende hospitali, anajivutia sahani.

"Mimi nishafagia," anasema.

Kile kikohozi kilininyima usingizi, na sio kwa kelele zake. Nilishawaona wenzake. Wanaanza hivyohivyo, wanakonda, halafu kiti kwenye kaunta kinabaki kitupu na hakuna anayetaka kukikalia. Nilimbembeleza. Nikamnunia. Nikamnyima bia, akaenda kunywa kwa jirani. Falsafa yake ilikuwa moja: ugonjwa unaishi hospitali, usipoufuata hauna shida na wewe.

Sasa Tokuzo.

Huyu alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana na Yasuji. Baharia wa zamani, mdomo mchafu, roho safi. Yeye hospitali alikwenda, ila alikwenda amechelewa. Saratani ya utando wa mapafu, ile inayoletwa na asbesto. Akarudi anakokota mtungi wa oksijeni wenye magurudumu, akawa anauita "mke mdogo".

Siku moja akaja kabla sijafungua. Akaniambia anataka msiba.

Nikamwambia haya, wakati ukifika tutakufanyia.

"Shemeji, nataka nikiwepo," akasema. "Mkinisifia nikiwa kwenye jeneza nitajuaje nani anadanganya?"

Huku kwetu mambo hayo yapo. Mtu anajifanyia msiba akiwa hai, anaaga watu wake, wanakula, wanatawanyika. Lakini wanaofanya hivyo ni wenye hela, kwenye kumbi za hoteli. Sio mzee wa gati, kwenye baa inayonuka ngisi mkavu. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa.

Yeye hakucheka. Aliniomba kitu kimoja tu: siku hiyo nisiruhusu gari lolote kuegeshwa mbele ya mlango.

Jamani, watu walijaa. Suti nyeusi zinanuka dawa ya nondo, wengine zimewabana hata kuinama hawawezi. Udi hatukuwasha, maana marehemu alikuwa kwenye oksijeni na hatukutaka kumchoma kabla ya zamu yake. Wakasimama mmoja mmoja kumsifia. Kila akisifiwa anakatiza kusahihisha. Mmoja akasema Tokuzo hakuwahi kumsema mtu vibaya, baa nzima ikaangua kicheko, marehemu akiongoza.

Ukafika wakati wa rambirambi. Watu wakatoa bahasha zao, zile zenye uzi mweusi na mweupe. Tokuzo akainua mkono.

"Rudisheni mfukoni. Rambirambi yangu iko nje."

Tukachungulia. Mbele ya mlango wangu limesimama gari kubwa jeupe la kupigia picha za kifua. Pembeni yake yuko Daktari Shiozaki wa kliniki ya mtaani, mwanamke mfupi asiye na masihara.

Tokuzo akatangaza kwamba kila aliyewahi kuvuka lile geti atapanda apigwe picha. Ndiyo ubani wake, hataki mwingine. Na atakayegoma, siku Tokuzo akifa kwelikweli, mzimu wake utaanza kumtokea nyumbani.

Wakacheka. Halafu wakaona yeye hacheki.

Kwetu unaweza kumkatalia mkeo, unaweza kumkatalia daktari, hata bosi ukijikaza. Marehemu humkatalii, hata kama anatafuna. Wazee wakaanza kulegeza tai, mmoja baada ya mwingine, wakatoka.

Akabaki Yasuji. Ameganda kwenye kiti, anakata konyaku vipande vidogovidogo kama anamkatia mtoto.

Tokuzo akamkokotea mtungi mpaka alipo.

"Yasu, hawa wengine nimewaita wajaze viti. Msiba huu nimeufanya kwa ajili yako."

Yasuji hakuinua kichwa. Akasema hawezi kupanda kama mbuzi anayepelekwa machinjioni. Labda Mama apande kwanza.

Alijua nitakataa. Mimi nina wageni, nina supu jikoni, nitatoka saa ngapi?

Nikavua aproni.

Nikapanda, nikabana pumzi, wakapiga, nikashuka. Nikamwambia hata haiumi, mwanaume mzima. Hapo hakuwa na pa kutokea. Akainuka na suti yake ya msibani, akaenda.

Tokuzo alimfuata kwa macho kupitia dirishani mpaka mlango wa gari ukafungwa. Ndipo akaniita pembeni akaniambia supu haina chumvi. Huku anajifuta macho kwa leso. Nikamwambia nitaongeza.

Siku chache baadaye simu ikalia. Daktari Shiozaki. Ananiomba nije kliniki, nije na mzee.

Nikajua.

Sikumwambia Yasuji kitu. Nilimnunulia samaki mkunga wa kuchoma, yule wa bei mbaya, akaniuliza leo kuna sikukuu gani. Nikaenda kulia chooni, maji ya bomba nimeyafungulia.

Kliniki nilimshika mkono wa koti kama mtoto asipotee. Daktari akapachika picha mbili kwenye ubao wenye taa. Akaanza na ya Yasuji: alama ya asbesto haioni kwa sasa, ila arudi kila mwaka. Kikohozi ni sigara, pamoja na asidi inayopanda kwa sababu analala ameshiba.

Nilimpiga Yasuji kofi la begani kwa furaha. Miaka yote hiyo unanitesa na kiungulia?

Nikasimama, nikachukua mkoba.

Daktari hakusimama.

"Mama, wewe uliwahi kufanya kazi karakana?"

"Mimi? Lile geti sijawahi kulivuka."

"Ovaroli za mzee alikuwa anafua nani?"

Nikakaa.

Nilikuwa nafua mimi. Na kabla ya kufua unazikung'uta. Wake wote wa mafundi hapa kilimani tulikuwa tunatoka kibarazani wakati mmoja, tunazipiga kwenye ukingo wa kibaraza, vumbi jeupe linatufunika, na sisi tunapigiana umbea kutoka nyumba hadi nyumba, midomo wazi. Ilikuwa saa yangu tamu kuliko zote.

Kwenye utando wa mapafu yangu kulikuwa na mabaka magumu. Na upande wa kulia, kidoa kidogo ambacho daktari hakukipenda. Kilikuwa saratani. Wakakiwahi, wakakikata kikiwa bado kichanga.

Yasuji? Yule aliyesema ugonjwa unaishi hospitali, sasa anazijua korido zote. Ananiamsha asubuhi ya kliniki kabla ya saa, amebeba koti langu. Nikisema leo najisikia vizuri tuahirishe, ananinunia.

Tokuzo alituaga kwelikweli majira ya kuchipua maua. Msiba wa pili ulikuwa mfupi, sifa zilishatolewa zote. Ila lile gari jeupe lilikuja tena, na safari hii foleni ilikuwa ya wanawake. Majirani zangu wote wa kibarazani. Umbea uliopigwa kwenye ile foleni, we acha tu.

Ndugu yangu unayesoma hapa, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi za vumbi hilo, mpeleke akapimwe. Na ukimpeleka, usimwache nyumbani aliyekuwa anamfulia.