Mkwaruzo Kwenye Meza ya Kupanda na Kushuka

Siku yangu ya kwanza kazini nilichora ramani nikiwa nimesimama juu ya kreti la soda. Ilikuwa Shinyanga mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika chumba cha ramani cha ofisi ya upimaji ardhi. Meza zote mle ndani zilitengenezwa kwa ajili ya wanaume warefu, na mimi urefu Mungu alinipimia kwa kijiko. Mkuu wa Chumba cha Ramani, mzee mkavu aliyefunga tai hata jua likiwaka vipi, alinitazama kidevu kikiwa usawa wa meza akauliza, "Binti, unachora au unanawa uso?"

Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Kisha nikavuka barabara hadi duka la vitambaa la Baba Nasrin, Mhindi mmoja mpole, nikaomba kreti tupu. Alinipa, akaongeza na kipande cha zulia ili miguu isiumie. Kreti lile nilidumu nalo miaka minne.

Nyinyi vijana mnaochora kwa kompyuta huenda hamjui kazi yetu ilikuwaje. Mpima ndiye aliyekwenda porini na vyombo vyake akarudi na daftari la namba. Mchora ramani alizigeuza namba zile kuwa mistari, kwanza kwa penseli, halafu kwa wino, juu ya karatasi ya kunakilia, ile inayopitisha mwanga. Wino ukikosewa ulikwanguliwa kwa wembe, taratibu, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Halafu kuna skeli. Katika skeli ya moja kwa mia tano, milimita moja ya karatasi ni nusu mita ya ardhi. Mkuu alitukumbusha kila asubuhi kabla hata hatujamwamkia: "Mkono ukitetemeka hapa, kule nje mtu anahamishwa shamba."

Nilijifunza kazi kwake, namshukuru. Lakini mgongo uliobeba mapacha haukupenda kreti. Kufikia mwaka wa nne nilikuwa naamka nimepinda.

Wakati huo, upande wa Masumbwe, kampuni moja ndogo ilikuwa inafufua mgodi wa dhahabu uliochimbwa enzi za ukoloni ukaachwa. Walitafuta mchora ramani. Nikaenda na wanangu Kulwa na Doto, magodoro mawili, na kreti langu.

Mpima Mkuu wa Mgodi alinipokea mwenyewe. Alikuwa mtu wa Bukoba, mnene, mwenye sauti ya chini. Baada ya shikamoo na marahaba aliliangalia kreti, akaniuliza ni la nini. Nikamweleza. Hakucheka. Alinipeleka kwenye kona ya ofisi palipokuwa na meza ya chuma aliyoinunua mnadani, imefunikwa turubai. Ubavuni ilikuwa na hendeli ya kuzungusha. Ndani ya miguu yake zilifichwa skrubu mbili nene, na ukizungusha hendeli meza nzima inapanda au inashuka, polepole, ikilia kidogo.

"Wengine hawaitaki, wanasema inawachelewesha," alisema. "Zungusha mpaka ikufae."

Nilizungusha hadi ikafika usawa wa viwiko vyangu. Nikaweka mikono juu yake. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka, mbele ya mkuu wangu, siku ya kwanza, kwa sababu ya meza. Kreti nililigeuza kiota cha kuku.

Sasa nije kwenye nilichokipenda hata zaidi ya ramani. Tangu shuleni nilikuwa na ugonjwa wa kujalidi vitabu. Nikiona kitabu kinachochanika mikono inaniwasha. Nilijalidi vitabu vya nyimbo vya kanisani, Kurani za majirani, madaftari ya walimu. Nyumbani nilifanyia sakafuni, na mgongo ulilalamika. Nikamwomba Mpima Mkuu nitumie meza baada ya saa za kazi.

"Kuanzia saa tisa na nusu meza ni yako," alisema. "Ila ina uso mmoja tu, wa ramani na wa vitabu vyako. Usikate kitu juu yake bila ubao."

Nikawa mtu mwenye raha kuliko wote mgodini. Kwa kushona kurasa nilipandisha meza hadi kifuani, macho yawe karibu na sindano. Kwa kukata kadibodi ya jalada niliishusha chini ya kiuno, uzito wote wa mwili uingie kwenye kisu. Kwa kupaka gundi ya unga wa muhogo niliiacha katikati. Mgongo ukanyamaza. Kila nilipokwenda Shinyanga, Baba Nasrin alinifungia masalio ya kitambaa kigumu cha kuvika migongo ya vitabu, na alikataa kabisa nimshukuru zaidi ya mara moja.

Mmoja wa walioniletea kazi alikuwa Nyapara Limbu, msimamizi wa zamu ya mchana chini ya ardhi. Alikuwa Msukuma wa makelele na vicheko, mtunzi wa nyimbo za ngoma. Aliniletea daftari lililoanzwa na marehemu baba yake, nyimbo za kikundi chao, kurasa zimekuwa laini kama ngozi ya mbuzi. Nyuma alikuwa ameanza kuandika za kwake, chache.

"Mama Kulwa, ulitengeneze liwe likitabu likubwa," alisema. "Nimebakiza nyimbo nyingi kichwani."

Siku niliyokata jalada lake, ubao wangu wa kukatia ulikuwa umelaliwa na kitabu kingine kilichopakwa gundi. Ningengoja kesho. Sikungoja. Nikakunja gazeti mara nne, nikaliweka mezani, nikakata juu yake. Kisu changu, kile cha fundi viatu, hakijui gazeti ni nini. Nilipapasa meza, nikaona iko sawa, nikaenda kupika.

Siku mbili baadaye Mpima Mkuu alinipa ramani mpya niinakili. Wachimbaji walikuwa wanatoboa njia chini ya ardhi, wakielekea karibu na mashimo ya zamani ya wakoloni. Mashimo yale yalikuwa yamejaa maji. Kwa hiyo mstari uliokuwa muhimu kuliko yote ni mpaka wa mashimo hayo, kwani ndio ulioonyesha mwamba uliobaki kati ya watu na maji. Mpaka huo hauchorwi kwa rula. Umepindapinda, unaufuata kwa mkono mtupu. Niliufuata. Nikapiga wino. Mpima Mkuu akaweka saini chini ya yangu, nakala ikashuka shimoni kwa Nyapara Limbu.

Jumamosi iliyofuata, yapata saa kumi na moja jioni, niliingia ofisini kumalizia kitabu chake. Kilibaki kushonwa tu, kwa hiyo nikapandisha meza hadi kifuani. Kwa urefu ule ilikuwa usawa wa kizingiti cha dirisha la magharibi, na jua lilikuwa linaingia limelala kabisa juu ya uso wa meza. Hapo nikauona. Mkwaruzo mwembamba kama unywele, mrefu wa kidole. Niliupitishia ukucha, ukazama.

Kila mchora ramani anajua maana yake. Chini ya karatasi, penseli ikikuta mfereji huingia na kuufuata, kama gurudumu la baiskeli kwenye tope lililokauka, na mkono haujui. Nilitoa ramani kabatini, nikaitandika pale pale nilipoichorea, kwa kufuata alama zangu za pembeni. Mpaka wa mashimo ulikuwa umekaa juu ya mkwaruzo. Nikafungua ramani ya asili, nikapima tofauti. Milimita nne. Mita mbili za mwamba ambazo mimi nilizichora, na Mungu hakuziweka.

Nikapima tena mara mbili. Nilifikiria wanangu, nilifikiria mshahara, na kwa muda mfupi, nawaambieni ukweli, nilifikiria wembe. Ningeweza kukwangua mstari ule na kubadilisha nakala ya shimoni Jumatatu, asijue mtu. Lakini zamu ya Jumamosi hulipua mwamba saa kumi na mbili, na zamu ilikuwa ya Limbu.

Nilikimbia hadi nyumbani kwa Mpima Mkuu na ramani zote mbili mkononi. Nilimkuta anapalilia migomba yake.

"Mzee, mpaka wa maji nimeukosea. Upo karibu zaidi."

"Umepima?"

"Mara tatu."

Hakuniuliza kitu kingine. Alitupa jembe, na mtu yule mnene alikimbia kuliko mimi. Mdomoni mwa shimo alivuta waya wa kengele, mapigo yale marefu yanayomaanisha acheni kila kitu mpande. Walipanda kwenye ndoo ya winchi, wanne wanne. Nyapara Limbu alitoka wa mwisho, uso mweupe kwa vumbi, amekasirika.

"Nani amepiga kengele? Baruti tumeshaingiza zote!"

Mpima Mkuu alinitazama. Nikasema, mbele ya watu wote, "Mimi ndiye, Nyapara. Ramani uliyo nayo ina kosa langu."

Jumatatu walitoa baruti zile kwa uangalifu, wakatoboa tundu jembamba la kupimia. Halikwenda mbali. Maji yaliruka kwa nguvu iliyomwangusha mtoboaji, wakaliziba kwa kigingi. Mwamba uliobaki haungestahimili mlipuko mmoja.

Nilikuwa nimeshafunga magodoro yangu. Mpima Mkuu aliniita akanionyesha taarifa aliyoandika. Kosa alikuwa ameliandika kwa majina mawili, langu na lake.

"Saini zilikuwa mbili," alisema. "Ungelikwangua kimyakimya ningekufukuza. Umekuja unakimbia. Rudi mezani kwako."

Kwa Nyapara Limbu nilikwenda mwenyewe. Nilimweleza yote, hata kwamba kisu kilikuwa kinakata jalada lake.

"Wabeja, Mama Kulwa," alisema, yaani asante. "Nimalizie kitabu changu. Safari hii utumie ubao."

Miaka ya tisini ilipokwisha kompyuta ziliingia, na chumba cha ramani kikafungwa. Mpima Mkuu alikuwa amestaafu, lakini aliacha karatasi imebandikwa chini ya meza: "Meza hii na mkwaruzo wake ni mali ya Mama Kulwa." Mgodi uliiheshimu. Ilisafiri hadi Shinyanga juu ya lori la mpunga, nami nikakaa kando yake njia nzima.

Sasa nimestaafu, kujalidi vitabu ndiyo kazi yangu yote, na kila siku naishukuru. Mkwaruzo sijauziba. Kila asubuhi kabla ya kazi napandisha meza hadi usawa wa dirisha, nautafuta kwa ukucha, ndipo naweka ubao.

Juzi alikuja mama mmoja na kifurushi. Alisema yeye ni binti wa Nyapara Limbu, na mzee amefariki, usingizini, akiwa na wajukuu wengi. Alitaka nikijalidi upya kitabu chake, kwa maana kimefumuka. Nilikifungua. Mbele kulikuwa na nyimbo za baba yake Limbu, kisha zile chache zake nilizozishona mwaka ule. Baada ya hapo zilifuata kurasa nilizokuwa sijawahi kuziona, rundo juu ya rundo, amechomeka madaftari mengine ndani mpaka mgongo nilioutengeneza zamani ukapasuka.

Zote zimeandikwa baada ya Jumamosi ile. Nilizihesabu nikashindwa kumaliza, maana macho yalijaa. Binti yake akaniuliza kama kitafungika chote.

"Kitafungika, mwanangu," nikamwambia. "Nitatengeneza mgongo mpana."