Gari Lililokataa Kufa

Fundi Sikio hakuitwa hivyo kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa nayo, tuseme ukweli, hayakuwa madogo. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa anagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini anaubana sikioni, anafumba macho, na akiyafumbua anakwambia gari lako linaumwa nini, lilianza lini na nani kalisababishia. Watu hawakununua gari mpaka yeye alisikilize. Akisema zima, watu wanapeana mikono papo hapo. Akisema bovu, muuzaji anarudi nalo nyumbani, uso umemshuka. Katika karakana yake ya mabati, yenye sakafu nyeusi ya oili na kalenda ya mwaka juzi, hapakuwa na kitu cha thamani kuliko neno lake, na mwenyewe alijua hivyo.

Alitengeneza magari ya kila aina, lakini moyo wake ulikuwa kwa moja tu, Tanimori ya Kijapani, lile la milango minne ambalo watu walilibatiza Hachoki. Ole wako umguse kwenye habari za Tanimori! Chai yako itapoa. Atakwambia jinsi waasisi wake walivyoanza na pampu za maji kwenye kibanda cha mbao, wakaja wakaunda kigari cha magurudumu matatu cha kubebea mboga, na jinsi mkubwa wao alivyokuwa akijaribu kila gari jipya mlimani, mama mkwe wake amemkalisha kiti cha nyuma. Mama mkwe akilalamika, gari linarudi kiwandani. Yote hayo aliyasoma kwenye kijitabu alichokikuta ndani ya gari la mteja, na kama alitia chumvi yake, nani angeenda Japani kuuliza?

Sasa mtu huyo, miaka ishirini anafungua na kufunga Hachoki za wenzake, mwenyewe alikuwa anakwenda kazini kwa baiskeli. Kila alipotaka kununua, jambo linazuka. Mara paa la nyumba, mara shule ya binti, mara mama yake kalazwa. Alivumilia. Alijiambia siku moja atalipata, na katika ukoo wao yeye ndiye atakuwa wa kwanza kuliendesha.

Mdogo wake wa kumfuata alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa na viti vitatu vya kuzunguka na kioo kimoja kirefu, na halikukosa watu tangu asubuhi, wengine hata nywele hawana. Kinyozi alikuwa mtu wa watu. Akiingia mahali, watu wanasogea apate pa kukaa. Wivu wa Fundi Sikio kwa mdogo wake haukuanza jana. Mama yao alipokuwa anaumwa, kila akizinduka alimwita yule mdogo kwanza, na mkubwa ndiye aliyekaa pale kando ya kitanda na kikombe cha maji mkononi. Mambo kama hayo mtu hayasemi, anayameza tu, na yeye alikuwa ameyameza mengi.

Basi siku hiyo Kinyozi akaja karakana meno yote nje.

"Kaka, nimepata Hachoki! La yule bibi mkunga, kalinunua jipya, hakuna mwingine aliyelishika usukani. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, analiuza. Nilikuwa nawanyoa wajukuu zake, akasema kama nalitaka, nichukue mimi. Twende ukalisikilize."

Fundi Sikio akahisi kitu kikali kinampanda kifuani. Gari lenyewe alilijua, mji mzima ulilijua. Akafuta mikono kwenye tambara, akasema, "Haya, twende," na sauti ikatoka kavu mpaka mwenyewe akashangaa.

Mkunga aliwapokea uani. Alisimama kando ya gari lake kama mzazi siku ya matokeo ya mtihani. "Halijaniaibisha hata siku moja," alisema. "Usiku wa mvua, akina mama wangapi nimewafikia na gari hili! Viti vyake vigumu, hilo sikufichi, lakini ukiliwasha linaitika."

Na kweli liliitika. Fundi Sikio alichomoa kijiti cha oili, akainusa. Alifungua kifuniko cha injini, hakuona moshi. Akaweka bisibisi, akafumba macho. Hakusikia kitu, isipokuwa mzunguko mtulivu, laini, wa chuma kinachopatana na chuma. Kwa fundi hakuna muziki unaozidi huo. Alisimama vile muda mrefu mpaka Kinyozi akaanza kusogeza miguu.

Akafumbua macho. Akamwona mdogo wake amekwisha kuegemeza kiwiko juu ya paa la gari, kama mwenye mali.

"Beringi za chini zimekwisha," akasema Fundi Sikio. "Miezi miwili, ikizidi sana mitatu, injini inakufa."

Toba! Yakamtoka hivyo hivyo, bila hata kupepesa. Si kwamba alitaka mdogo wake aondoke ili yeye alinunue, hata. Alitaka tu lisiwe la mdogo wake. Mkunga wa watu akainamisha kichwa, akapapasa boneti kwa kiganja. "Kama fundi mwenyewe kasema," akanong'ona, "basi mimi sikujua, mwanangu. Nisamehe."

Kinyozi alitazama gari, akamtazama kaka yake. Kisha akasema, "Nitalichukua hivyo hivyo."

Miezi miwili ikapita, Hachoki linakwenda. Mitatu, linakwenda. Mwaka ukaisha. Fundi Sikio akawa kila asubuhi akisikia honi yake barabarani, anakisukuma kando kikombe cha chai. Mkewe alimuuliza, "Baba, wewe na lile gari mna ugomvi gani?" Akamjibu kwamba hana ugomvi na mabati. Lakini usingizi wake ulikuwa wa kuungaunga, na alichokuwa anakiomba, Mungu anisamehe kwa kukisema, ni kusikia kwamba gari la mdogo wake limezima njiani.

Halikuzima. Mwaka wa pili, wa tatu, wa nne. Na kwa kinyozi, unajua mwenyewe, hakuna siri. Wenye magari walikaa wakisubiri zamu, kila mtu na sifa zake.

"Langu mafuta halinywi, linanusa tu," alisema mwalimu wa udereva.

"Hilo si kitu," alidakia muuza vitanda. "Langu limeyazika magari yote ya majirani zangu. Ila mlima ukiwa mkali, mimi na abiria tunasaidiana kuliombea."

Wakacheka. Halafu mmoja akauliza lile lililokuwa ulimini mwa kila mtu: "Kinyozi, hili lako si ndilo Fundi Sikio alilolipa miezi miwili ya kuishi? Au masikio yake siku hizi yameziba?"

Hapo ndipo jina la Fundi lilipoanza kuchuja. Mteja mmoja akaenda kukaguliwa gari kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule waliyemwita Mtaratibu. Kisha wa pili. Wengine walikuja bado, lakini akitoa uamuzi wake wanauliza, "Una hakika lakini?" Una hakika! Yeye, kuulizwa hivyo! Kila gari lile lilipopita limejaa watoto wa mdogo wake wakipunga mikono dirishani, lilikuwa linamtangaza kuwa fundi asiyejua kazi. Alitamani life. Sasa haikuwa kijicho peke yake. Lisipokufa lile, anakufa yeye.

Mwaka wa sita Kinyozi akasafiri na familia wiki nzima, akaleta ufunguo karakana. "Nibadilishie oili, kaka. Simwamini mwingine." Akaondoka zake, hana hili wala lile.

Jumamosi mchana Fundi Sikio akafunga mlango wa karakana kwa ndani. Juu ya meza alikuwa ameweka beringi kuukuu, zilizokwaruzika, alizozitoa kwenye Hachoki la mtu mwingine. Mpango wake ulikuwa mwepesi: afungue injini kwa chini, atoe beringi nzima, aweke hizi. Baada ya wiki chache gari litaanza kugonga, litakufa, na watu watasema, "Kumbe Sikio alisikia, ila gari lilikuwa kaidi tu." Alijua kabisa ni uovu. Aliingia chini ya gari hivyo hivyo.

Akamwaga oili. Akalegeza boliti za bakuli la oili la chini, moja baada ya nyingine. Alipolibandua bakuli, akaganda.

Pembeni mwa bakuli palikuwa na gundi nyekundu. Tanimori wanafunga kwa gundi nyeusi kutoka kiwandani. Yeye mwenyewe maisha yake yote alitumia ya kijivu. Nyekundu, mji ule, alitumia mtu mmoja tu. Na ilikuwa gundi ya zamani, imekauka na kukakamaa.

Akatoka chini ya gari vile vile na oili mpaka kwenye nyusi, akavuka barabara. Mtaratibu alikuwa anakula. Alipoona ile rangi nyekundu kwenye kidole cha mwenzake, aliacha kutafuna.

"Umefungua," akasema.

"Lini ulilishika gari la mdogo wangu?"

"Wiki ileile aliyolinunua." Mtaratibu akajifuta midomo bila haraka. "Alisema umemwambia beringi zimekwisha, nizibadilishe kabla hazijamharibia. Nikafungua. Sikio, zile beringi zilikuwa nzima, zinang'aa, unaweza kujitazama ndani yake. Mimi nilitaka kutoka nje niwaite watu waje wacheke, kwa nini nikufiche? Mdogo wako akanishika mkono. Alikaa kwenye kile kigoda pale, kisha akasema, 'Tafadhali, haya yaishie hapa. Jina lake ndilo linalolisha watoto wake.' Akaniapisha, mimi mtu mzima! Aliyekwenda kumwambia ni bibi mkunga tu, asije akafa akidhani kauza ubovu."

"Na kwa watu anasema nini?"

"Hujawahi kumsikia? Wakimtania anawaambia, 'Kaka alinitahadharisha mapema, nikalitunza, ndiyo maana linaishi.' Kila siku anasema hivyo. Wateja uliobakiwa nao, unadhani wamebaki kwa nini?"

Fundi Sikio akarudi karakana, akazitupa zile beringi kuukuu kwenye pipa la chuma chakavu, akafunga injini. Alilala siku mbili akisema kichwa kinauma.

Kinyozi aliporudi safari, kaka yake alikuwa wa kwanza kuingia dukani. Viti vyote vitatu vina watu, wengine wamejaa kwenye benchi. Akangoja zamu yake, akakaa, shuka ikafungwa shingoni. Alikuwa ameamua. Atasema mbele za watu, apoteze kila kitu, lakini walau hilo moja, la kusema ukweli, liwe lake.

"Jamani," akasema kwa sauti, "lile gari halikuwa na ubaya wowote. Lilikuwa zima tangu siku ile. Nilimdanganya mdogo wangu kwa sababu ya wivu."

Mwalimu wa udereva akashusha gazeti. Kwenye kioo, Fundi Sikio akamwona mdogo wake nyuma yake, mashine ya kunyolea imesimama hewani, na macho yao yakakutana.

Kinyozi akaangua kicheko. "Mnamsikia? Mwaka wa sita sasa, akichoka na maswali yenu anawatungia hadithi! Kaka, inamisha kichwa, utanifanya nikukate sikio, na watu hapa wanalihitaji."

Duka zima likalipuka. Muuza vitanda akapiga paja lake. "Kwa utani nakuvulia kofia, Fundi! Kesho nakuletea gari analotaka kununua shemeji yangu, ulisikilize."

Jina lake likarudi pale pale, kwa neno moja la mdogo wake. Akainamisha kichwa kama alivyoambiwa, akasikia kiganja cha mdogo wake kimetulia utosini, kwa upole kabisa, na katika maisha yake yote hajawahi kumwonea mtu wivu kama alivyomwonea dakika ile.