Siku Niliyojisifu Wema kwa Kichina

Jamani, nikicheka nacheka kwa aibu, maana mkasa huu wa Bi Chen mpaka leo sijui ulikwendaje, na nyumbani Al Hail hawajaacha kunitania (kaka yangu ndiyo usiseme).

Duka letu la vigae lipo Hamriya, hapa Maskati, na Bi Chen alitoka kiwandani China kuja kuamua kama atatupa uwakala, baba hata usingizi hapati, basi mimi mjuaji wa familia nikachungulia kwenye simu nikaokota neno "ren", eti ni wema na utu, nikasema hili nitalimwaga siku tukimwalika nyumbani, atatupenda mwenyewe.

Akaja, haluwa ikaliwa, nikashika dele kummiminia kahawa. Kwetu ukitosheka unakitikisa kikombe kidogo, usipokitikisa unaongezwa. Bi Chen hakutikisa. Nikamimina, akanywa, nikamimina tena, naye anatabasamu tu, nikaona mambo yamenoga, nikamsimamia palepale nikamwambia kwa Kiingereza, "Sisi nyumba hii ni watu wa ren. Mimi hasa."

Akaniangalia, akaiangalia kahawa, akasema taratibu, "Kwetu mtu hajisemei hivyo. Husemwa na wengine."

Nikadhani ananisifu! Nikamwongeza.

Mama akanivuta mtandio. "We mwanangu, huoni mgeni anatetemeka? Nna khofu moyo unamwenda mbio."

Kabla sijajibu kikombe kikamponyoka, kahawa ikamwagikia suruali yake nyeupe na zulia la baba, na anayeomba radhi ni yeye! Kumbe hakujua habari ya kutikisa, kaniona nimemsimamia kichwani, akadhani kukataa ni kututukana. Baba akafumba macho, uwakala akauona unaondoka.

Mama akamfuta, akampa maji, akamshika mkono mpaka ukatulia, na lugha hawaelewani hata kidogo. Bi Chen akanigeukia, akamnyooshea mama mkono. "Neno lako lile. Huyu."

Sikujua nifurahi au nijifiche. Uwakala tumeupata, ila akipiga simu dukani anamtaka mama, asiyejua vigae wala Kiingereza, nao wanachekeana tu. Hilo neno nimelisoma tena na tena na bado linanichanganya. Nimeapa lakini: wema wangu siutaji tena, si kwa Kichina si kwa lugha yoyote. Anayetaka kujua kama ninao, akamuulize mgeni.